Kigari cha gofu kikigoma kuwaka, sikiliza kabla ya kufungua

Huku Bagamoyo vigari vya gofu havijui gofu. Kazi yake ni kubeba masanduku ya wageni, mashuka ya kufuliwa na kreti za soda kutoka getini hadi mabanda ya ufukweni. Navitunza vile vya petroli vyenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), na ombi langu kwa madereva na mameneja ni moja: kikigoma, spana zikae kwanza. Kanyaga pedeli, waambie watu wanyamaze, usikilize.

Mafundi wetu wengi wamelelewa na bodaboda. Pikipiki ikigoma, mkono unakwenda wenyewe kwenye kabureta. Kigari hiki kina tabia nyingine. Ufunguo unafungulia umeme tu. Ukikanyaga eksileta, swichi ndogo ya pedeli inaamsha soleneidi (swichi kubwa inayoendeshwa kwa umeme), soleneidi inapitisha umeme mkubwa kwenda kwenye stata (mota ya kuwashia), na stata inazungusha injini kwa beliti. Ukiachia mguu, injini inazima. Ikishawaka, stata hiyohiyo inageuka jenereta ya kuchaji betri. Maana yake kila ukisimama kumshusha mgeni unawasha upya, na swichi na soleneidi huchoka mapema kuliko injini yenyewe.

Kijana akija asubuhi na "Shikamoo mzee, chombo kimegoma", naitikia marahaba kisha namuuliza, "Ukikanyaga kinasemaje?" Ama hakisemi kitu, ama kinasema "ta!" mara moja na kunyamaza, ama kinazunguka bila kuwaka. Hayo ni magonjwa mbalimbali, na mtu anayeyatibu yote kwa kusafisha kabureta anakula hela yako.

Kikiwa kimya, au kikisema "ta" tu, petroli haihusiki kabisa. Shika mita ya volti. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.6, ikisoma 12 kamili, usidanganyike na hiyo namba, betri imekaribia kuisha. Halafu tazama vichwa vya betri (pale nyaya zinapofungwa), na hapa ndipo sisi watu wa pwani tunapoumia. Upepo wa bahari unaleta chumvi usiku na mchana, na unga wa kijani au mweupe unaota chini ya kichwa, mahali ambapo macho hayafiki. Waya ukiutazama juu unauona mzima, ndani umeshaliwa. Fungua hasi kwanza, safisha kwa maji ya vuguvugu yenye magadi bila kuyaingiza ndani ya betri, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi. Ufuate na waya wa arthi (ule wa hasi) mpaka unapofungwa kwenye fremu, maana watu husafisha betri wakausahau ule mwisho wa pili, wakanunua betri mpya bure.

Betri na nyaya zikiwa safi na bado kinasema "ta", weka gia huru, vuta breki, pima kwenye zile bolti mbili kubwa za soleneidi. Kabla ya kukanyaga mita itaonyesha volti za betri. Ukikanyaga, inatakiwa kushuka karibu na sifuri. Ikipiga "ta" na volti zikabaki palepale, soleneidi imeungua ndani. Ikishuka vizuri na injini isizunguke, rudi kwenye stata na kaboni zake (vipande vinavyopeleka umeme ndani yake). Kama hata hiyo "ta" haipo, anza na fyuzi, kisha swichi ya pedeli, ambayo mchanga wa miguuni mwa wageni huiziba.

Kikizunguka bila kuwaka, chomoa plagi (ile inayotoa cheche ndani ya injini) uitazame kabla hujaifuta. Plagi kavu inasema mafuta hayafiki. Plagi iliyolowa petroli inasema mafuta yamefika na cheche hakuna, au mmeinywesha injini kupita kiasi kwa kuvuta choki (inayozidisha petroli wakati wa kuwasha). Kupima cheche, rudisha kofia ya waya kwenye plagi, igusishe kwenye chuma cha injini mbali na tundu lake na mbali na petroli, mwenzako akanyage. Unataka cheche ya buluu yenye nguvu. Isipoonekana hata kwa plagi mpya, usikimbilie kununua koili (inayotengeneza umeme wa cheche). Katika injini nyingi za aina hii kuna waya mwembamba unaozima cheche kwa kugusa arthi. Ukichunika ukagusa fremu, injini haitawaka. Uchomoe kwenye koili kwa muda, upime tena. Cheche ikirudi, koili ni nzima na kosa liko kwenye huo waya au swichi yake. Panya wa stoo wanaupenda sana, sijui kwa nini.

Kwa upande wa mafuta, fungua kwanza kifuniko cha tangi, maana tundu lake la hewa likiziba petroli haishuki. Pampu ya petroli ya vigari vingi haitumii umeme. Inasukumwa na mapigo ya hewa kutoka ndani ya injini kupitia mpira mdogo. Mpira huo ukipasuka, hata kwa ufa wa kucha, pampu imelala. Chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, utumbukize kwenye chupa, zungusha injini: petroli itoke kwa mapigo. Ikitoka vizuri, sasa ndiyo fungua kabureta. Hasa baada ya masika, wageni wakiwa wachache na vigari vimekaa, petroli iliyobaki hugeuka gundi kwenye jeti (tundu dogo la petroli ndani ya kabureta). Pulizia kwa upepo wa kompresa. Sindano ya chuma usiiingize, utapanua tundu.

Filta ya hewa ni jambo la dakika moja. Fungua tu uhakikishe nyigu hawajajenga humo.

Kuhusu spea, hapa mjini plagi na fyuzi unapata kwenye maduka ya spea, soma tu namba iliyoandikwa kwenye plagi ya zamani. Soleneidi, beliti na pampu huenda ukazifuata Dar, kilomita kama 70. Usitume picha kwa simu, maana picha haionyeshi urefu wa beliti wala ukubwa wa bolti. Mpe kondakta au dereva unayemwamini kifaa chenyewe, kimefungwa kwenye gazeti, pamoja na jina la kampuni na mwaka wa kigari ulioandikwa kwenye kibati chake.