Muulize Wakili: Kijana kahukumiwa Leicester, asubiri nakala ya hukumu?

SWALI: Habari za kazi, Mama Wakili. Nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Kijana wangu yuko Leicester, Uingereza. Alishtakiwa kumshambulia mtu kituo cha basi. Alikana, mahakimu wakamtia hatiani, na wiki iliyopita wakampa saa 120 za kazi bila malipo pamoja na fidia. Mwenzake wa kazini aliona kila kitu lakini hakuitwa. Shemeji yangu anasema asubiri nakala ya hukumu ndipo akate rufaa. Jirani yangu sokoni anasema akithubutu atafungwa. Nimsikilize nani? Baba Neema, Kirumba.

JIBU: Salama, Baba Neema. Shemeji yako anaongea kama mtu aliyekalia sana mabenchi ya mahakama zetu, simlaumu. Kwetu, aliyehukumiwa mahakama ya wilaya anatoa kusudio ndani ya siku 10 na petisheni ya rufaa ndani ya siku 45, na muda wa kungojea nakala hauhesabiwi. Jaji wa Mahakama Kuu hapa Mwanza anapima kilichoandikwa: shahidi wa kwanza alisema hivi, wa pili vile. Bila mwenendo wa kesi hana cha kupima. Ndiyo maana watu wanazoea kungoja.

Leicester asingoje. Mahakimu wa kule, wasipokuwa jaji wa wilaya anayekaa peke yake, ni raia wanaojitolea bila mshahara, kwa kawaida watatu, na pembeni yupo mwanasheria wa kuwaelekeza sheria. Rufaa kutoka kwao inakwenda Mahakama ya Crown, na huko kesi inasikilizwa upya tangu mwanzo. Mlalamikaji anapanda tena kizimbani, anahojiwa tena, mbele ya jaji na kwa kawaida mahakimu wawili ambao hawakuigusa kesi ile. Wale raia 12 wanaoamua kesi, mnaowaona kwenye filamu, hawapo.

Kwa hiyo huyo mwenzake wa kazini ndiye mali! Anaweza kuitwa sasa hata kama mwanzo hakuitwa. Kijana amtafute leo, amuulize kama yuko tayari kusimama mbele ya watu na kuhojiwa, waandike walitoka zamu saa ngapi, basi namba gani, nani alianza kusukuma. Kama kituo kina kamera, aulizie picha kabla hazijafutwa.

Muda ni siku 15 za kazi tangu adhabu ilipotolewa. Wikiendi na sikukuu hazimo. Fomu inapelekwa mahakama ileile iliyomhukumu, na nakala kwa mwendesha mashtaka. Akichelewa, aombe kuongezewa muda humohumo na atoe sababu. “Shemeji ya baba alisema ningoje” haitamfikisha mbali. Haki hii kwa miaka mingi haijahitaji ruhusa ya jaji, ila ripoti ya Jaji Leveson ya 2025 kuhusu mahakama za jinai za kule ilipendekeza ruhusa iwe sharti, basi asome vizuri fomu atakayopewa.

Jirani yako naye hakudanganya, katia chumvi tu. Mahakama ya Crown inaweza kupunguza adhabu au kuiongeza, lakini haivuki pale ambapo mahakimu wenyewe wangeishia; kwa shambulio la kawaida ni miezi 6 jela. Akishindwa anaweza pia kubebeshwa gharama za upande wa mashtaka, na hilo ndilo ningelipigia hesabu kwanza. Angekuwa amekiri kosa, kwa kawaida angebaki kulalamikia adhabu tu, kama ilivyo kwetu.

Iko njia nyingine, ya Mahakama Kuu ya London, kwa anayedai mahakimu walikosea sheria. Ndani ya siku 21 anawaomba waandike mambo waliyoyakubali kuwa kweli na swali la sheria lenyewe. Lakini akishaomba hiyo, mlango wa Crown unafungwa. Ugomvi wa mwanao ni nani alimpiga nani, sioni anaendea nini huko.

Na tafadhali usiniandalie nauli. Siruhusiwi kusimama mahakama za kule. Atafute wakili wa jinai wa palepale Leicester, na kabla ya kulipa chochote aulize kama anastahili msaada wa kisheria wa serikali.