Maswali ya Wasomaji: Kipa kasusa mazoezi kisa maksi

Swali: Shikamoo kaka. Mi nasimamia timu ya mtaa huku Makorora, Tanga. Kila baada ya mechi tunakaa tunawapa wachezaji maksi juu ya 10, mwisho wa mwezi mwenye wastani mkubwa anapata jezi mpya. Sasa toka tuanze ni straika na winga tu wanaobeba, kipa kasusa haji hata mazoezini, anasema mnanipa 6 kila wiki hata nikitoka na klinishiti, yaani bila kufungwa goli, na namba 6, kiungo mkabaji, naye kaanza kununa. Wenzetu wanaojua haya mambo wanafanyaje mpaka kipa na straika wanakaa kwenye mizani moja?

Jibu: Marahaba mgosi. Kwanza leo hii hii mfuate kipa nyumbani kwao umwambie ana haki ya kukasirika, maana anayo kabisa.

Halafu hata wenzetu si wote wanaowaweka kwenye mizani moja. Angalia Kicker, lile gazeti la mpira la Ujerumani, miaka na miaka sasa mara 2 kwa mwaka wanapanga wachezaji kwa madaraja, na kipa anapangwa na makipa wenzie, beki na mabeki, straika na mastraika. Juu kabisa ni daraja la dunia, chini yake la kimataifa, na kilichonifurahisha ni kwamba kama msimu huo hakuna beki aliyefikia daraja la dunia basi wanaliacha tupu, hawampandishi mtu ili mradi nafasi ijae.

Hiyo 6 ya kipa wenu nadhani najua inapotoka. Hata WhoScored, ule mtandao wa takwimu za mpira, kila mchezaji anaanza na 6.0 halafu kila anachofanya na mpira kinaongeza au kinapunguza, sasa straika akifunga anaruka juu, kipa ambaye mpira umemfikia mara 4 anabaki pale pale. Nyie mnafanya hivyo hivyo kwa macho, mnahesabu nani kaonekana.

Kwaiyo kila namba ipe kazi yake. Kipa msimpime kwa klinishiti peke yake, klinishiti ni ya ukuta mzima, kuna siku anatoka nayo hajapigiwa hata shuti moja na kuna siku anafungwa 2 lakini golini yamelenga mashuti 9, hapo kaokoa 7 na ndio alikuwa mtu wa mechi. Daftari na kalamu vinatosha, andika yaliyolenga goli na aliyookoa, na alama ya pembeni kwa yale ya karibu kabisa, maana shuti la mita 6 na la mita 30 si kitu kimoja. Na kwa kuwa kipa mnaye mmoja, mlinganishe na kipa wa upande wa pili siku ile ile, uwanja ule ule, upepo ule ule.

Namba 6 ndio mgumu kuliko wote na hapa naomba mnisikilize vizuri. Kazi yake nyingi inafanyika kabla hatari haijaonekana, anasimama sehemu ambayo pasi ya adui ilikuwa ipite, adui anaghairi, na hakuna aliyepiga makofi. Mimi nikiwa jukwaani Mkwakwani huwa najilazimisha dakika 20 simfuati mpira, namwangalia namba 6 tu, anageuza shingo mara ngapi kabla hajapokea, anaziba wapi beki wa pembeni akipanda, akinyang'anya mpira unaenda kwa mwenzie au unatoka nje. Mteue mtu mmoja wa benchi afanye hivyo kila mechi, mtashangaa.

Mabeki wa kati nao vivyo hivyo. Bakari Mwamnyeto alitoka Coastal Union hapo hapo Tanga akaenda Yanga 2020, na hakuchukuliwa kwa kufunga magoli.

Straika nao wabaneni kidogo. Penalti zihesabuni pembeni kwa sababu katika 4 kama 3 huwa zinaingia, na angalieni dakika, mwenye goli 3 kwa dakika 180 yuko mbele ya mwenye 5 kwa dakika 900. Na jezi zikipatikana ziwe 4, kipa, beki, kiungo, mshambuliaji. Kama ni moja tu basi izungushwe, mwezi huu mabeki wanashindana wenyewe, mwezi ujao viungo, ila wa kwanza naomba awe kipa.

Swali: Mimi wa Ngamiani. Nimeona mchezaji wa Ujerumani kapewa maksi 1.5 na wanamsifia, imekaaje?

Jibu: Kwa Kicker 1 ndio bora na 6 ndio mbovu, kama maksi za shule zao. Ukivuka kwenda L'Équipe, gazeti la michezo la Ufaransa, inageuka, 10 ndio juu, na ni wachoyo sana kuitoa.

Swali: Kaka, ni kweli kipa hajawahi kuchukua Ballon d'Or, ile tuzo ya mchezaji bora wa mwaka?

Jibu: Amechukua mmoja, Lev Yashin, 1963, na tuzo ilianza 1956. Mabeki nao wachache, Beckenbauer 1972 na 1976, Sammer 1996, Cannavaro 2006. Toka 2019 makipa wana tuzo yao yenye jina la Yashin na mi nimeipenda, ila inaniuma ikiwa kisingizio cha kuwasahau kwenye ile kubwa. Mwaka 2006 Italia walibeba Kombe la Dunia wakaruhusu magoli 2 tu mashindano mazima, moja walijifunga wenyewe na lingine penalti ya Zidane fainali. Yani hakuna adui aliyewafunga mpira ukiwa unachezwa. Ballon d'Or mwaka ule wa kwanza Cannavaro, wa pili Buffon, kipa. Mwonyeshe kipa wenu hiyo.