Mota Ilipokataa Kuzima: Maswali Yenu Kuhusu Fidia

Wasomaji kadhaa wanaoishi Marekani wametuandikia kuhusu mota zinazofungwa nyuma ya kiti cha magurudumu ili kuipunguzia mikono kazi ya kusukuma. Majibu haya yanafuata sheria za huko, ambazo hutofautiana jimbo kwa jimbo.

SWALI: Habari za kazi, mhariri. Mama alikuwa akishuka kwenye mteremko, akagusa kidhibiti ili mota izime. Haikuzima. Kiti kiligonga ukuta na mguu wake ukavunjika. Sasa kampuni iliyotengeneza mota inataka tuwatumie kifaa wakikague, na imeahidi kutupa kipya. Tuwape?

JIBU: Mpe mama pole nyingi. Msiwape, wala msikitengeneze, hadi wakili akubaliane nao kwa maandishi namna kitakavyokaguliwa, na mtaalamu wa upande wenu awepo kifaa kinapofunguliwa. Kesi nyingi za aina hii hufia hapa: familia hurudisha kifaa kwa nia njema, kinafunguliwa, sehemu mbovu inabadilishwa, na baadaye hakuna awezaye kuonyesha kilichoharibika.

Mota kutozima kuna sababu nyingi. Waya wa kidhibiti unaweza kukatika ndani huku ganda la nje likiwa zima. Maji au vumbi huingia kwenye soketi. Kwenye mota zinazoongozwa na kikuku cha mkononi, mawasiliano yasiyo na waya hukatika, na hapo swali kubwa ni je, kifaa kilisanifiwa kizime chenyewe mawasiliano yakipotea? Umeme tuli wa mwilini nao, au mawimbi ya vifaa vingine, unaweza kuvuruga saketi isiyokingwa vizuri. Kila sababu huacha alama yake, na vifaa vingi huhifadhi kumbukumbu za hitilafu ndani yake. Kusasisha programu ya kifaa kunaweza kuzifuta kumbukumbu hizo, kwa hiyo ukiombwa kusasisha kupitia simu, usikubali.

Leo hii zimeni mota na mweke pamoja kidhibiti, kikuku, chaja, boksi, kitabu cha maelekezo na kiti chenyewe. Simu iliyounganishwa na mota msiifute chochote. Pigeni picha za namba ya utambulisho ya kila kipande, jinsi mota ilivyofungwa kwenye ekseli, mteremko, na alama za matairi sakafuni. Andikeni saa ya ajali, kiasi cha chaji, hali ya hewa, na majina ya walioona. Betri ya lithiamu iliyovimba, kutoa moshi au kupata joto isikae ndani ya nyumba. Iwe nje, mbali na vitu vinavyoshika moto, na wakili aambiwe siku hiyo hiyo ili itafutwe hifadhi salama.

Mama akihitaji kiti cha kutumia wakati huu, ombeni cha muda kwa bima au kwa aliyewauzia. Mkipokea mota mpya kutoka kwa kampuni, someni kila karatasi kabla ya kusaini: sentensi moja ya kuachilia madai yote yaweza kumaliza haki yake.

SWALI: Mota yangu imo kwenye tangazo la FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa tiba, la kuitisha zirudishwe bidhaa zenye kasoro. Je, hilo linatosha kushinda kesi? Na ninamshtaki nani?

JIBU: Halitoshi peke yake, ingawa linasaidia. FDA huyapanga matangazo haya katika madaraja matatu, la kwanza likiwa la hatari ya jeraha kubwa au kifo. Bado ni juu yako kuonyesha kwamba kasoro hiyo ilikuwamo kwenye kifaa chako, na kwamba ndiyo iliyokuumiza. Mtu ambaye mota yake iliitishwa kwa sababu ya kidhibiti, lakini yeye akaanguka kwa sababu gurudumu lilichomoka, ana kazi nyingine kabisa ya kuthibitisha.

Kwa kawaida mawakili hutafuta mambo matatu. Kasoro ya utengenezaji ni pale kifaa chako kilipotoka kiwandani tofauti na vingine. Kasoro ya usanifu ni pale vyote vina hatari ileile na kulikuwa na njia salama zaidi ya kuvitengeneza. La tatu ni onyo pungufu, kwa mfano kitabu kisichosema mota isitumike kwenye mteremko wa kiwango fulani. Katika majimbo mengi si lazima uthibitishe uzembe wa kiwanda, inatosha kuthibitisha kasoro. Mtengenezaji ndiye mdaiwa wa kwanza, lakini muuzaji, au fundi aliyefunga mota vibaya, naye aweza kuingizwa.

Huenda kampuni ikasema FDA ilikiidhinisha kifaa, hivyo huna kesi. Uliza kilipitia njia gani. Viti vingi vya umeme hupitia njia ya 510(k), ya kulinganishwa na kifaa kilichokwisha kuwa sokoni, na mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika shauri la Medtronic dhidi ya Lohr kwamba njia hiyo haizuii madai ya aina hii. Uamuzi wa mahakama hiyo katika shauri la Riegel, wa 2008, ambao kampuni hupenda kuutaja, ulihusu vifaa vilivyopitia uchunguzi mzito zaidi kabla ya kuuzwa.

Wewe mwenyewe toa taarifa kwa FDA kupitia MedWatch, mfumo wake wa kupokea taarifa za madhara, fomu 3500B. Haitakuletea fidia, ila inaweza kumwokoa mwingine.

SWALI: Ajali ilitokea miezi kumi iliyopita. Nilikuwa nikienda kasi. Je, nimechelewa?

JIBU: Mtafute wakili wiki hii, ndugu yetu. Tennessee na Kentucky hutoa mwaka 1 tu kwa madai ya majeraha, California miaka 2, New York miaka 3. Tennessee pia ina ukomo wa miaka 10 tangu kifaa kiliponunuliwa mara ya kwanza, kwa hiyo kwa kifaa cha mitumba muda huhesabiwa tangu mnunuzi wa kwanza. Ikiwa unailalamikia huduma ya hospitali ya serikali ya wanajeshi wastaafu, kuna fomu SF-95 ya madai dhidi ya serikali, ya kuwasilishwa ndani ya miaka 2 kabla ya kwenda mahakamani.

Kuhusu kasi, majimbo mengi hupunguza fidia kulingana na sehemu yako ya kosa. Alabama, Maryland, North Carolina, Virginia na jiji la Washington ni wakali zaidi: katika madai ya uzembe, kosa lako dogo laweza kukunyima yote. Usiseme lolote kuhusu kasi kwa mtu wa bima kabla ya kuongea na wakili. Kwa wakili, sema kila kitu.

SWALI: Napokea SSI (malipo ya serikali kwa wazee na wenye ulemavu wenye kipato kidogo) na Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo). Nikilipwa fidia, nitapoteza?

JIBU: Unaweza, na wengi huambiwa hili wakati fedha zimeshaingia. SSI humruhusu mtu mmoja awe na mali inayohesabika isiyozidi dola 2,000. Hundi ikiingia kwenye akaunti yako ya kawaida, malipo yaweza kukatwa, na Medicaid ikafuata. Kama hujafikisha miaka 65, wakili anaweza kuandaa amana maalumu kwa mtu mwenye ulemavu, yaani mfuko unaosimamiwa na mtu mwingine kwa ajili yako, fedha zikaingia humo moja kwa moja. Amana hiyo iwe tayari kabla ya kusaini makubaliano. Medicare (bima ya serikali ya wazee na baadhi ya wenye ulemavu) na Medicaid pia hudai kurudishiwa gharama za matibabu zilizolipia kwa ajali hiyo, hivyo muulize wakili deni hilo ni kiasi gani kabla ya kukubali kiwango chochote.

Muulize pia kuhusu ada yake. Wengi huchukua takriban theluthi moja ya fidia, na zaidi kesi ikifika mbele ya majaji. Gharama za wataalamu wa kukagua mota huwa mbali na ada, kwa hiyo mkataba uandike wazi nani atazibeba mkishindwa.