Chukua Polterabend

Dada, umeuliza mila ipi ya Kijerumani uingize kwenye harusi yako, maana mchumba anatoka huko. Kwa moyo wangu wote, chukua Polterabend. Jioni kabla ya harusi, wageni wanaleta sahani na vikombe vya zamani wanavivunja mlangoni, kisha nyinyi wawili mnashika ufagio na kuzoa vigae pamoja mpaka kiishe cha mwisho. Vyombo vya kauri tu. Glasi na vioo hapana, kwao ni mkosi. Waelezeni wazee mapema wasije wakadhani ni ugomvi, na vaeni viatu vya kufunika, vigae vinaruka kweli. Kukata gogo kwa msumeno wa watu wawili nako kunapendeza, ila hilo ni la siku yenyewe, mkishatoka kufunga ndoa.