Kukimbia Tanga: njia za Raskazone, Ngamiani na Tongoni, na saa ya kuzitokea

Mkuu, umesema umehamia Tanga kikazi, umepanga Chumbageni, unatafuta njia za kukimbia zenye kuiona bahari, kilomita 5 hadi 15, na kwamba mji ukiwa tambarare basi kazi itakuwa nyepesi. Njia zipo, tena nzuri. Wepesi ndio usiutegemee. Tanga hakuna mlima wa kukukata pumzi. Kinachokukata ni saa uliyotoka nyumbani. Njia ileile ya Raskazone inayokimbilika vizuri saa 12 asubuhi, ikifika saa 2 na nusu ni adhabu. Kwa hiyo kila njia hapa chini naitaja na saa yake.

Anza na Raskazone, ndiyo njia mama. Tembea kutoka Chumbageni hadi bustani ya Jamhuri, pale penye mnara wa saa wa enzi za Mjerumani, na hiyo itakuwa umepasha misuli. Bandari iko chini yako, kisiwa cha Toten kiko mbele majini. Shika Barabara ya Hospitali kuelekea mashariki. Bahari inakuwa mkono wa kushoto, mara inaonekana, mara inafichwa na miti na majumba ya zamani. Unapita Hospitali ya Bombo, unaendelea mpaka maeneo ya Mkonge Hoteli na zile klabu za kuogelea na za mashua. Kwenda tu ni kama kilomita 3, kwenda na kurudi 6. Ukitaka 8 au 10 usiongezee mjini kwenye magari. Ongezea kulekule kwa kuzunguka mitaa ya ndani ya Raskazone, ambako kuna kivuli, nyumba zimeachana, na asubuhi gari ni moja moja. Tahadhari ya huko ni mbwa wa mageti. Akikutokea, acha kukimbia, tembea bila kumpa mgongo, atachoka mwenyewe. Ukitimua mbio ndiyo umemwalika.

Jua Tanga huchomoza karibu saa 12 kamili mwezi wa Novemba, na karibu saa 12 na nusu mwezi wa Julai. Toka kunapoanza kupambazuka, siyo kwenye giza totoro, kwa sababu moja kubwa: baiskeli. Mji huu una baiskeli nyingi kuliko unavyodhani, zinakwenda kimya na nyingi hazina taa. Vaa fulana nyeupe au ya rangi kali. Ukichelewa kutoka, jua linakuwa usoni safari nzima ya kwenda Raskazone, hivyo kofia yenye ukingo ni lazima. Kurudi linakuwa mgongoni.

Sasa jambo linaloumiza watu magoti kwenye mji tambarare na hawajui limetoka wapi. Barabara ya lami imeinuliwa katikati na kuteremka pembeni ili maji ya mvua yakimbilie mtaroni. Sisi magari yanapita kushoto, na mkimbiaji anayejali usalama wake anakimbia kulia ili ayaone yanakuja. Ni sahihi. Lakini ukikimbia kulia wakati wa kwenda, na kulia tena wakati wa kurudi, mguu wa kulia ndio unaokanyaga chini zaidi safari nzima. Kilomita 6 kila siku kwa mwezi mmoja, nyonga inaanza kuvuta, au goti linauma upande wa nje. Dawa yake: kwenye mitaa mitulivu ya ndani ya Raskazone, panda katikati ya barabara ambako pamelala sawa, au rudi kwenye ukingo uleule uliojia ili mguu wa kushoto nao upate zamu ya kuwa chini. Fanya hivyo pale tu ambapo unasikia gari kwa mbali, na usiweke vitu masikioni. Kwenye Barabara ya Hospitali yenyewe baki kulia.

Utambarare una kasoro nyingine. Hatua zote zinafanana, misuli ileile inafanya kazi ileile maelfu ya mara, ndiyo maana wengi huumwa mfupa wa ugoko kwa mbele na kano ya juu ya kisigino. Vunja huo mfanano kwa nguzo za umeme: ukishapasha mwili dakika 10, kimbia kasi kutoka nguzo moja hadi ya pili, kisha polepole nguzo tatu. Rudia mara 6, ukizoea mara 10. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha.

Tuje ufukweni, maana najua hilo ndilo lililokuleta. Pwani ya Tanga sehemu kubwa ni mikoko, tope na mawe ya matumbawe. Mchanga upo vipande vipande, upande wa Sahare na zaidi Mwambani, na unakimbilika maji yakiwa yamekupwa tu. Hapa ndipo mwezi wa angani unakusaidia kuliko simu. Maji ya bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Siku hizo maji hujaa kunako saa 10 au 11 alfajiri, na tena saa kama hizo jioni. Yanakupwa kabisa karibu saa 4 au 5 asubuhi. Maana yake bamvua ndiyo siku mbaya kwa mkimbiaji wa asubuhi: ukifika saa 12 na nusu ufukwe bado ni ukanda mwembamba wa mchanga laini, na ukisubiri maji yatoke vizuri, jua limeshakuwa kali. Jioni nako maji yamejaa.

Siku nzuri ni zile zinazotangulia bamvua. Kwa hesabu ya mwezi mwandamo, tarehe 10 hadi 12, na tena 25 hadi 27, maji hukupwa kati ya saa 12 na nusu na saa 2 asubuhi, mle mle kwenye muda wako. Hayatoki mbali sana kama ya bamvua, lakini yanatosha kuacha mchanga mgumu. Kwa wastani maji huchelewa dakika 50 kila siku, kwa hiyo ukishaijua saa ya leo, ya keshokutwa unaweza kuikisia. Muulize mvuvi yeyote pale Sahare, atakujibu bila kufikiri, au tazama jedwali la maji.

Mchanga wa kukimbilia ni ule ulioachwa na maji muda si mrefu, wenye rangi ya kuiva. Kanyaga uone: kisigino kikizama zaidi ya unene wa kidole, sogea karibu na maji. Ukisogea mpaka mguu unateleza, umefika kwenye tope, rudi juu. Ufukwe nao umeinama kuelekea baharini, lakini ukienda na kurudi njia ileile miguu inapeana zamu yenyewe. Kukimbia peku ni kutamu, ila anza na dakika 5 hadi 10 tu kwa wiki za mwanzo. Kano ya kisigino iliyozoea kiatu inavutwa sana mchangani, na maumivu yake huja kesho yake, siyo palepale. Penye mawe na majani ya bahari usithubutu peku: kuna viumbe wa bahari wenye miiba, vipande vya chupa, na mizizi ya mikoko iliyosimama wima.

Siku hujisikii bahari, nenda Ngamiani. Mitaa yenye namba imenyooka na kukatana kwa pembe mraba, huwezi kupotea, na unaweza kupanga urefu kwa hesabu ya barabara: panda ya kwanza, shuka ya pili, hivyo hivyo. Nenda Jumapili asubuhi. Siku za kazi, baada ya saa 1, bajaji na watoto wa shule wanakuwa wengi mno. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, punguza mwendo: maji yakifunika barabara huoni mtaro ulio wazi ulipo. Vikundi vya jogging vinavyokimbia na nyimbo navyo utavipata mwishoni mwa wiki. Wanakimbia polepole, na kwa mgeni huo ndio mwendo unaofaa, hata kama nyimbo siyo kitu chako.

Safari ndefu ya mwisho wa wiki ni upande wa kusini, barabara ya Pangani. Magofu ya Tongoni, msikiti wa kale na makaburi yake, yako takribani kilomita 17 hadi 20 kutoka mjini. Wengi huondoka mjini wakakimbia kwenda. Mimi naona ni kinyume: panda usafiri alfajiri mpaka unakotaka kuanzia, kisha kimbia kurudi. Ukitaka 15, shuka kabla ya Tongoni. Ukitaka 10, karibu zaidi. Faida ya kwanza ni kwamba ukichoka, kila hatua inakupeleka nyumbani. Ya pili ni upepo. Kusi ikivuma, kati ya Mei na Septemba, inakusukuma mgongoni, na hali ya hewa ni ya ubaridi kiasi kwamba hutaudhika. Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, inakupiga usoni, na katika miezi hiyo ya joto hicho ndicho unachokihitaji: upepo wa mgongoni unaokwenda sawa na kasi yako ni sawa na kukimbia ndani ya chumba kilichofungwa, jasho halikauki. Barabara hii ilikuwa kwenye ujenzi wa lami, kwa hiyo pita kwanza kwa bodaboda uone kama kuna vipande vyenye malori na vumbi.

Amboni, kwenye mapango, ni kilomita 8 hivi kaskazini. Mandhari ipo, lakini barabara kuu ya Horohoro ina malori ya mpakani na ukingo wake haukupi nafasi. Chukua bodaboda mpaka njia panda, kimbia ile ya vumbi kwenda mapangoni. Ndiyo sehemu ya karibu utakayopata mwinuko wa kufanyia mazoezi.

Maji. Jipime uzito kabla ya kutoka na ukirudi, bila nguo zenye jasho. Kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya maji. Fanya hivyo siku mbili tatu za majira tofauti, utakijua kiwango chako, maana watu hawatoki jasho sawa. Chini ya dakika 45 asubuhi na mapema huhitaji kubeba chupa; kunywa nusu lita kabla. Zaidi ya hapo beba, au tembea na hela ya dafu, na baada ya mbio ndefu kula kitu chenye chumvi. Wiki mbili za mwanzo mwili bado unajifunza joto la hapa: kama ulikotoka ulikuwa ukikimbia kilomita kwa dakika 6, hapa kubali 6 na nusu. Kigezo ni mazungumzo; ukishindwa kutamka sentensi nzima, umezidisha. Ukihisi ubaridi wa ghafla, kizunguzungu au kuchanganyikiwa, usijikaze ufike. Kaa kivulini, jimwagie maji kichwani, shingoni na makwapani, na ukichanganyikiwa, au usipopata nafuu haraka, upelekwe hospitali.

Mwezi wa Ramadhani, hata kama hufungi, utaona wenzako wakikimbia dakika 30 au 40 kabla ya magharibi, mwendo mwepesi, ili wamalize karibu na adhana na maji yawe karibu. Ni mpango mzuri kwa aliyefunga. Mbio za kasi ziachwe hadi baada ya tarawehe. Usinywe maji barabarani mchana huo, jifiche kidogo, ni adabu. Na mwaka mzima, unapokatiza mbele ya wazee wanaotoka msikitini alfajiri, punguza mwendo, toa salamu, kisha endelea. Mitaani vaa bukta inayofika gotini. Ile fupi ya mashindano iache kwa Raskazone.

Kwa shemeji, kama naye atakimbia: Raskazone asubuhi hakuna shida, ila Mwambani na vipande vya ufukwe vyenye mikoko asiende peke yake. Wewe pia usiende peke yako, na simu ya bei kubwa ibaki nyumbani.

Viatu, mtumba wa Ngamiani unatosha ukijua kuchagua. Bonyeza kwa dole gumba ile soli laini ya katikati, pembeni mwa kisigino: ikirudi juu polepole au ikiwa na mikunjo mingi, imekufa hata kama juu kiatu kinang'aa. Kipindishe uone gundi kama inaachia. Gundi iliyozeeka hufunguka haraka kwenye lami ya moto. Chagua kilichozidi mguu wako kwa nafasi ya kidole gumba mbele, miguu huvimba kwa joto. Ukitoka ufukweni suuza kwa maji baridi yasiyo ya chumvi siku hiyohiyo, toa soli ya ndani, jaza magazeti, anika kivulini. Ukikianika juani na chumvi yake, ngozi na gundi vinakakamaa kwa mwezi mmoja.