Maswali ya Wasomaji: Nyimbo za Mabaharia Zipangwe Vipi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimekusanya nyimbo thelathini za mabaharia wa merikebu za matanga, nami nataka kuziunganisha ziwe mkusanyo mmoja wa muda wa saa moja. Nilipojaribu kuusikiliza, masikio yalichoka kabla ya wimbo wa sita, kwani kila wimbo ulifanana na uliotangulia. Nimekosea wapi? Je, nyimbo za karibuni zina nafasi humo?

JIBU: Ndugu msomaji, nadhani umezipanga kwa kufuata waimbaji au kwa kadiri unavyozipenda, ilhali nyimbo hizi, ambazo hapa nitaziita shanti, hudai kupangwa kwa kufuata kazi. Katika karne ya 19, ndani ya merikebu za biashara za Uingereza na Marekani, shanti ilikuwa chombo cha kazi kama kamba yenyewe: kiongozi aliimba mstari, wenzake wakaitikia, na nguvu za wote zikakutana katika kiitikio. Waliong'oa nanga walizunguka wakisukuma duara, yaani mtambo wa kukunja kamba ya nanga, kwa muda mrefu, kwa hiyo nyimbo zao, mfano “South Australia”, zina mwendo wa kutembea. Waliotweka matanga walivuta kwa vipindi, na katika “Blow the Man Down” utaisikia nafasi ya kupumua kati ya mvuto na mvuto. Sikiliza pia “Haul Away, Joe”: sauti hupanda taratibu, kisha neno la mwisho hutupwa kwa kishindo, kwani hapo ndipo kamba ilipovutwa kwa mara moja. Ukiweka tatu za namna hiyo mfululizo, msikilizaji atajiona kama anayevutwa yeye.

Basi upange mkusanyo wako kama safari. Anza na nanga, fuatisha matanga, kisha pampu za kutoa maji ngamani, yaani chini kabisa ndani ya merikebu, na umalizie kwa “Leave Her, Johnny”, wimbo ambao mabaharia waliuimba mwisho wa safari wakitoa malalamiko yao yote juu ya chakula kibaya na wakubwa wakali. Mahali pengine popote hautakaa vizuri.

Kila baada ya shanti tatu hivi, weka wimbo wa mapumziko, yaani ule ulioimbwa jioni watu wakiwa wameketi, wenye kisa na sauti moja. “Spanish Ladies” unafaa sana hapo. Huo ni wimbo wa wanamaji wa kivita, na katika jeshi la majini la Uingereza kwa kawaida hawakuruhusiwa kuimba wakiwa kazini. Walioongozwa na muziki waliongozwa na fidla au filimbi. Hata “Wellerman”, uliovuma mwaka 2021 baada ya Nathan Evans kuuimba katika TikTok, ni kisa cha wavuvi wa nyangumi wa New Zealand wanaosubiri meli ya kuwaletea sukari, chai na ramu, na wanaoshika kanuni barabara huutoa katika hesabu ya shanti. Mimi ningeuacha ndani, kwa sababu kiitikio chake huamsha hata aliyesinzia.

Nyimbo za karibuni zina nafasi, ila kwa kiasi. “The Wreck of the Edmund Fitzgerald” wa Gordon Lightfoot, uliotolewa mwaka 1976, unasimulia meli iliyozama katika Ziwa Superior tarehe 10 Novemba 1975 pamoja na watu wake wote 29. Ni mrefu, unapita dakika sita, na ni mzito. Uweke baada ya katikati, uache sekunde chache za kimya, wala usiufuatishe na “Drunken Sailor”, maana kicheko juu ya kilio huudhi.

Kuhusu programu unayotumia, zima kabisa ile hali ya kuunganisha mwisho wa wimbo mmoja na mwanzo wa mwingine. Shanti nyingi hukatika ghafla, na mkato huo ni sehemu ya utamu wake. Kisha sawazisha sauti kwa sikio lako mwenyewe, kwani rekodi ya watu wanane wasio na ala inaweza kuwa dhaifu kando ya rekodi ya bendi yenye ngoma na gitaa. Kati ya nyimbo zako thelathini, kumi na nane zitatosha kwa saa moja. Anza kupunguza pale ulipo na rekodi mbili za wimbo uleule kutoka kwa waimbaji tofauti, na ubakize ile isiyo na ala.