Kabla ya Kuamini Dawa Yako, Pima Joto la Panya

Mwanafunzi akiniuliza aanzie wapi kuchunguza kiharusi kwa panya hapa Nairobi, namwambia aanze na baridi. Asubuhi ya Julai chumba cha upasuaji huwa baridi kweli, na panya aliyepigwa nusukaputi hawezi kujipasha joto. Stima ikipotea, mkeka wa kumpasha ukazimika, mwili wake unashuka chini ya nyuzi 37 mara moja. Ubongo uliopoa hutumia oksijeni kidogo, hivyo hustahimili kukosa damu. Utashangilia dawa, kumbe ni baridi.

Wakubwa pia yamewakuta. MK-801, dawa ya majaribio, ilisifiwa sana kwa kukinga ubongo, hadi watafiti Buchan na Pulsinelli walipoonyesha mwaka 1990 kwamba kwa gerbili, wale panya wa jangwani, dawa hiyo ilikuwa ikiwashusha joto tu. Joto lilipodumishwa, kinga ikatoweka.

Kwa hiyo kipimajoto kikae kwenye njia ya haja kubwa tangu kisu cha kwanza, na upimaji uendelee hata baada ya panya kuzinduka. Mimi huweka chupa ya maji moto iliyofungwa taulo kando ya meza, maana stima haitoi taarifa.

Upasuaji wenyewe utauzoea. Uzi wa nailoni wenye ncha butu hupitishwa kwenye ateri ya shingo hadi uzibe ateri ya kati ya ubongo. Baadaye ubongo hukatwa vipande na kulowekwa kwenye rangi ya TTC: palipo hai panakuwa pekundu, palipokufa panabaki peupe. Anayepima ule weupe asijue nani alipewa dawa. Hapo usijiamini, mpe mwenzako afiche namba za panya.

Ikiwa unachunguza ubongo unaopata damu kidogo kwa muda mrefu, uzi huo haukufai. Funga ateri zote mbili za shingo. Panya wa kawaida atapona kwa damu inayopanda kupitia mgongoni. Gerbili usimjaribu hivyo, kwani hana mishipa ya kuunganisha damu hiyo ya nyuma na sehemu ya mbele ya ubongo.

Na tafadhali, acheni kutumia panya vijana wenye afya peke yao. Wagonjwa wa kiharusi wanaoletwa hospitalini wengi ni wazee wenye presha na sukari. Wapo panya wenye presha ya kurithi, ingawa ni ghali. Kibali cha kamati ya maadili na cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, viombwe kabla hujaagiza hata mmoja.